Mshairi wa Kikoloni au Mshairi wa Wakati wa Ukoloni? Uhakiki wa Istilahi Moja na wa Mashairi ya Magazetini

Miongoni mwa kazi za mkuza istilahi iko moja isiyotajwa sana, nayo ni kurudi nyuma kutazama maneno yaliyokwisha kupitishwa yanafanya nini huko yalikokwenda. Neno likishachapwa katika orodha huonekana kana kwamba limetulia. Kumbe ndipo linapoanza safari. Huingia darasani, huingia maktabani, huingia katika majalada ya serikali, na mara nyingine huingia katika nyumba ya mtu likamtenga na mjukuu wake. Makala haya yanahusu neno moja la namna hiyo, yaani ‘mshairi wa kikoloni’, pamoja na mashairi yanayohukumiwa kwalo: yale yaliyochapwa katika magazeti ya Kiswahili kabla ya Uhuru.

Sababu ya kuandika niliipata Kiruruma, katika nchi ya Karagwe, mkoani Kagera, nilipokwenda likizo. Mzee mmoja wa huko, mwalimu mstaafu anayekaribia miaka tisini, alinionyesha daftari lake la tangu ujana. Ndani yake amenakili kwa wino, kwa mwandiko wa shule, mashairi mengi aliyoyasoma katika gazeti la Mambo Leo miaka ya 1950. Alinieleza kwamba Kiswahili chake alikijenga kwa kuyasoma kwa sauti, maana nyumbani kwao walisema Kinyambo tu. Daftari lenyewe lilikuwa limefungiwa ndani ya sanduku. Mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa amekutana na muhtasari wa masomo uliowataja ‘washairi wa kikoloni’ na kutoa mfano wa Shaaban Robert. Kijana alimwuliza, bila utovu wa adabu, “Babu, kumbe ulikuwa ukinakili mashairi ya wakoloni?” Tangu siku hiyo mzee hakulitoa tena.

Nilipomwamkia na kukaa, aliniuliza: “Mwanangu, wewe unayefanya kazi ya maneno, hebu niambie. Mtu aliyezaliwa mwaka wa njaa ndiye aliyeileta njaa?” Nilikosa jibu la haraka. Istilahi ile niliifahamu vizuri, kwa sababu miaka michache iliyopita ilikuwamo katika orodha ya maneno ya fasihi niliyosaidia kuihariri, nami niliipitisha bila kuitia alama. Basi yafuatayo ni uhakiki, na wa kwanza kuhakikiwa ni mimi mwenyewe.

Neno moja la kigeni, maana tatu

Tuanze na sarufi. Katika Kiswahili kihusishi ‘-a’ kikifuatwa na ‘ki-’ huonyesha namna, tabia au asili ya kitu, si wakati wake. Chakula cha Kihindi ni chakula kilichopikwa kwa namna ya Wahindi, hata kama mpishi ni Mzaramo. Mavazi ya kike ni mavazi yanayowafaa wanawake. Uamuzi wa kitoto ni uamuzi wenye tabia ya utoto, ingawa aliyeutoa ana mvi. Kwa hiyo tusemapo ‘sheria ya kikoloni’, twasema sheria yenye tabia na shabaha ya ukoloni, na usemi huo ni sahihi. Lakini tusemapo ‘mshairi wa kikoloni’, kwa sarufi hiyo hiyo twasema mshairi mwenye tabia na shabaha ya ukoloni. Hatukutaja wakati wake. Tumetaja roho yake.

Kivumishi cha Kiingereza ambacho wafasiri wetu hukigeuza ‘-a kikoloni’ hakina mpaka huo. Chenyewe hubeba maana tatu, na msomaji wa Kiingereza huzitenga kwa kutazama muktadha. Mifano mitatu ya watu yatosha kuonyesha jambo hili.

Wa kwanza ni Rudyard Kipling, Mwingereza aliyezaliwa Bombay mwaka 1865. Tangu mwaka 1882 alikuwa mwandishi wa gazeti la Civil and Military Gazette huko Lahore. Humo ndimo alimochapisha beti nyingi za mzaha juu ya maofisa wa serikali ya Uingereza katika Bara Hindi, na mwaka 1886 akazikusanya na kutoa kitabu. Huyu alisema kutoka ndani ya utawala, kwa watawala, juu ya mambo ya watawala. Hata alipowacheka aliwacheka kama mtu acheka ndugu zake. Kumwita mshairi wa kikoloni si kumwonea.

Wa pili ni Henry Lawson wa Australia. Mashairi yake yalianza kutokea katika gazeti la The Bulletin la Sydney mwaka 1887, wakati Australia ilikuwa bado makoloni mbalimbali ambayo yaliungana mwaka 1901. Vitabu vya Kiingereza humweka Lawson pamoja na washairi wa makoloni. Lakini shairi lake la kwanza katika gazeti hilo lilitetea jamhuri dhidi ya ufalme. Alikuwa mtoto wa walowezi, na ushairi wake ni wa walowezi. Wenyeji wa asili wa nchi ile wana haki ya kumwona kuwa upande wa wanyang’anyi wa ardhi, naye mbele ya London alikuwa mpinzani. Tukimwita ‘wa kikoloni’ na kunyamaza, msomaji wa Kiswahili hataelewa lipi kati ya hayo mawili. ‘Mshairi wa walowezi’ lingemfaa zaidi, maana neno ‘mlowezi’ tunalo na kila mwalimu wa historia hulitumia.

Wa tatu ni Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, nchi ikiwa chini ya Wadachi. Alikua na kufanya kazi chini ya Waingereza. Akafariki mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Yeye hakuwa mtawala wala mlowezi. Alikuwa mtawaliwa aliyetunga. Katika Kiingereza neno lile lile laweza kumhusu naye, kwa maana ya wakati. Katika Kiswahili, likishavaa ‘ki-’, wakati hupotea na kubaki shutuma.

Wafasiri wakumbuke pia kwamba maneno ya jamii hii yana historia kwetu. ‘Mkoloni’ hakuingia masikioni mwa watu kwa njia ya kamusi. Liliingia kwa mikutano ya hadhara ya kudai uhuru, likiwa jina la anayepaswa kuondoka. Mtoto wa shule ambaye hakuziona siku hizo bado analisikia likiwa na ukali huo. Ndiyo maana kijana wa Kiruruma, aliposoma ‘washairi wa kikoloni’, alielewa sawasawa kile ambacho Kiswahili kilisema. Aliyekosea ni mwandishi wa istilahi.

Ukurasa wa mashairi ulikuwa nini

Sasa tuyatazame magazeti yenyewe. Mambo Leo lilianza mwaka 1923 mjini Dar es Salaam, likiwa gazeti la kila mwezi la serikali chini ya Idara ya Elimu. Shabaha yake ilikuwa kuelimisha raia kwa namna iliyoipendeza serikali, na asemaye kwamba lilikuwa gazeti la kikoloni asema kweli: lilimilikiwa na serikali ya kikoloni na lilifanya kazi yake. Halikuwa peke yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Kiongozi lilikuwa likitoka Tanga chini ya Wadachi. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu aliyetoka Uganda, alianzisha Kwetu mjini Dar es Salaam, gazeti la Mwafrika lililoisema serikali waziwazi. Miaka ya 1950 yakaja magazeti ya harakati za uhuru kama Mwafrika na Sauti ya TANU.

Katika magazeti haya mashairi yalikuwa na mahali pake, na mashairi ya Mambo Leo yalipendwa sana. Yafaa tueleze ukurasa huo ulivyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha hoja. Mtunzi hakuhitaji kuwa mkazi wa pwani, wala kuwa na mchapishaji, wala kujuana na mtu. Alihitaji kalamu, stempu, na kujua mizani. Karani wa forodha aliandika, na hakimu wa mahakama ya wenyeji, mwalimu na mfanyabiashara vivyo hivyo. Wengine walijipa majina ya utunzi, kama Akilimali aliyejiita Snow-White na Khamis Amani aliyejulikana kwa jina la Nyamaume. Mtunzi wa mji mmoja aliuliza swali kwa shairi, na wa mji mwingine akalijibu kwa bahari ile ile na vina vile vile katika toleo lililofuata. Hivyo ndivyo desturi ya kale ya malumbano, ambayo pwani ilifanywa barazani watu wakionana uso kwa uso, ilivyohamia posta na kuenea bara.

Jambo hili serikali haikulipanga. Serikali ilikuwa na gazeti. Watu walikuwa na baraza ndani ya gazeti. Mhakiki asiyetenga hayo mawili atadhani kwamba kila kilichopita katika mtambo wa serikali kilikuwa sauti ya serikali. Kwa kipimo hicho hata tangazo la kifo cha mtu lingekuwa la kikoloni.

Wala sisemi kwamba baraza hilo lilikuwa huru. Mhariri alikuwapo, na sheria zilikuwapo. Zilichapwa beti za kuisifu serikali, za kuhimiza juhudi ya vita, za kuwataka watu wawe watiifu. Hizo ziitwe jina lake. Lakini jina hilo lipewe shairi baada ya kusomwa, lisipewe mtunzi kabla ya kusomwa. ‘Shairi la kikoloni’ ni hukumu inayoweza kuthibitishwa au kupingwa kwa kuyatazama maneno ya shairi. ‘Mshairi wa kikoloni’, likitumiwa kama kichwa cha orodha, ni hukumu iliyotolewa bila shauri kusikilizwa.

Shauri la Shaaban Robert

Tulisikilize basi shauri lenyewe, na tuanze na upande wa mashtaka bila kuupunguzia kitu. Shaaban Robert aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka 1926, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikula mshahara wa serikali ya kikoloni, katika forodha, katika idara ya wanyama, katika ofisi ya jimbo la Tanga, na katika idara ya upimaji. Alipewa nishani ya MBE. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, chombo kilichoanzishwa mwaka 1930 kwa agizo la serikali za Waingereza. Alitunga utenzi mrefu juu ya Vita Kuu ya Pili akiwa upande wa Waingereza na wenzao. Katika miaka ya 1970, wahakiki vijana waliopima fasihi kwa kipimo cha matabaka walimwona kuwa mtu wa mawazo mema yasiyo na mapambano, aombaye utu pale palipohitaji madai. Hoja hiyo ina uzito, wala haijajibiwa yote hata leo.

Sasa upande wa utetezi. Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi ya kufikirika ambamo mtu aitwaye Karama ashtakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Mshtaki ni waziri, jina lake Majivuno. Karama ajitetea kwa kuzieleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kuleta maarifa, nao waliporudi wakaishia kifungoni. Mtu anayejua Tanganyika ya mwaka huo hahitaji kuambiwa Kusadikika iko wapi. Mwandishi alikuwa bado katika kazi ya serikali, nacho kitabu kilichapwa na kampuni ya Kiingereza. Fumbo lilipita mbele ya macho ya wakubwa kwa sababu lilivaa kanzu ya hadithi ya kale.

Lakini mimi si mwanasheria wa Shaaban Robert, na kazi yangu ni maneno. Nitataja jambo moja la maneno tu. Utenzi ule wa vita, unaotajwa dhidi yake, ulitoka kitabuni mwaka 1967 ukiwa na jina Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945. Litazameni neno ‘uhuru’ hapo. Neno hili katika Kiswahili cha karne ya kumi na tisa lilikuwa hasa neno la utumwa: huru ni aliyeachwa na bwana wake, na uhuru ni hali yake ya kuachwa. Katika jina la utenzi, neno hilo halimhusu tena mtumwa mmoja na bwana mmoja. Limekuwa neno la mataifa: watu wa dunia wasitawaliwe na mabavu ya Hitler. Hatua moja tu ilibakia kutoka hapo, nayo ni kuuliza: ikiwa uhuru ni haki ya mataifa, kwa nini usiwe haki ya Tanganyika? Hatua hiyo ilichukuliwa na wengine, lakini neno walilikuta limekwisha kupanuliwa.

Ndivyo lugha inavyofanya kazi. Mtu aliyeandika upande wa Waingereza vitani aliliimarisha neno ambalo baada ya miaka michache liliwaondoa Waingereza. Istilahi gani ya neno moja itabeba hayo yote? ‘Wa kikoloni’ haiwezi. Wala ‘mzalendo’ pekee haiwezi. Iwezayo ni ile isiyohukumu, yaani ‘wa wakati wa ukoloni’, kisha mhakiki aseme yaliyobaki kwa sentensi zake mwenyewe na kuyawajibikia.

Angalieni pia kwamba Kiswahili kinatupa njia ya kusema ukweli wa ajira yake bila kumtukana. ‘Mtumishi wa serikali ya kikoloni’ ni maneno sahihi kabisa. Hapo ‘kikoloni’ yaieleza serikali, haimwelezi mtumishi. Tofauti kati ya usemi huo na ‘mtumishi wa kikoloni’ ni neno moja tu, ‘serikali’, lakini ndiyo tofauti kati ya kueleza na kushtaki. Wafasiri wenye haraka huliacha neno hilo ili kufupisha.

Wawili wengine

Kama mfano mmoja hautoshi, wako wengine. Saadani Abdu Kandoro, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa mmoja wa waasisi kumi na saba wa TANU mwaka 1954. Fumbo lake la siafu na nyoka lilikuwa likifahamika na watu wa siasa. Mwaka 1961 alitoa Mwito wa Uhuru, na mwaka 1972 Mashairi ya Saadani. Huyu naye, kwa hesabu ya miaka, ni mshairi wa kipindi kile kile. Je, orodha yetu ingemwita wa kikoloni? Hapana, angewekwa chini ya kichwa kingine, ‘washairi wa ukombozi’. Kwa hiyo tunaona kwamba hata watumiaji wa istilahi hii hawaitumii kwa maana ya wakati. Wanaitumia kuhukumu, huku wakidhani kwamba wanataja wakati.

Mathias Mnyampala ni mfano wa aina nyingine. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, Mkristo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, na aliwahi kuwa liwali na hakimu. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alitoa Diwani ya Mnyampala mwaka 1963, na baada ya uhuru akawa kiongozi katika UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi kilichoanzishwa mwaka 1959. Ngonjera zake zikachezwa katika shule za nchi nzima kufundisha siasa ya Azimio la Arusha. Mtu yule yule, kwa mizani ile ile, alitunga chini ya Waingereza na chini ya Jamhuri. Je, aligeuka kutoka mshairi wa kikoloni kuwa mshairi wa kijamaa usiku mmoja wa Desemba 1961?

Mashairi kama shahidi wa istilahi

Hadi hapa nimezungumza na walimu zaidi. Sasa nizungumze na wakuza istilahi wenzangu na wafasiri, kwa maana kuna hatari ya pili. Hatari ya kwanza ni kuyatupa mashairi haya. Ya pili ni kuyachota bila kuchuja, tukidhani kwamba kila neno la mshairi mkongwe lafaa kuwa sanifu.

Mashairi ya magazetini ni shahidi mwema wa mambo mawili. Kwanza, ni shahidi wa maana. Mtunzi aliyeandika katika malumbano alijua kwamba atajibiwa. Akitumia neno ovyo, mwenzake wa mji mwingine angelishika na kumwuliza mbele ya wasomaji wote. Hivyo maneno ya utawala, ya kodi, ya mahakama na ya shule yalipimwa hadharani, kwa namna ambayo kamati zetu hazijaweza kuiga. Pili, ni shahidi wa upokezi. Neno geni lililokubali kukaa katika mizani na kutoa kina limekwisha kutamkwa Kiswahili. Mkuza istilahi akitaka kujua kama neno la Kiingereza limekwisha kutoholewa kweli, na atazame kama watunzi walilitia katika vina.

Lakini mashairi hayo ni shahidi mbaya wa umbo la neno. Shairi la kawaida la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani kumi na sita, lina mizani sitini na nne kwa ubeti, na mtunzi hana ruhusa ya kuzidisha wala kupunguza. Kwa sababu hiyo wamejipa uhuru wa kufinyanga maneno. Kwa inkisari, ‘muungwana’ huwa ‘mungwana’ ili mizani moja ipungue. Kwa mazida, ‘afya’ huwa ‘afiya’ ili mizani moja iongezeke. Kwa tabdila, irabu ya mwisho hubadilishwa ili kina kipatikane. Kaluta Amri Abedi alizieleza kanuni za sanaa hii mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na tangu hapo hakuna mwenye udhuru wa kutozijua. Hata hivyo nimeona mapendekezo ya istilahi yakiletwa na maelezo kwamba ‘neno hili limo katika ushairi wa kale’, kumbe lililomo ni neno la kawaida lililokatwa mkia ili litoshe mahali. Tusisanifishe kiraka.

Kanuni basi ni nyepesi: kutoka kwa mshairi chukua maana, umbo lithibitishe kwa nathari.

Somo kutoka Karagwe

Nirudi Kiruruma. Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la washairi wa Tanga na Ujiji liwahusu watu wa Karagwe, nchi yenye nanga na majigambo yake, ambayo hayakuhitaji vina vya pwani ili kuwa ushairi. Swali ni zuri. Kiswahili kilifika huku mapema. Katika karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na Mfalme Rumanyika aliwapokea Speke na Grant mwaka 1861. Lakini Kiswahili hicho kilikuwa cha biashara na safari. Kiswahili cha kufikiri kwa maandishi kilifika kwa njia ya shule na gazeti, na kwa vijana wengi wa wakati ule ukurasa uliopendwa kusomwa kwa sauti ndio wa mashairi. Yule mzee alijifunza humo kwamba lugha ya kujifunza yaweza kuwa yako. Akafundisha wengine kwa miaka mingi.

Na deni halikuwa la upande mmoja. Neno ‘ngeli’, ambalo kila mwalimu wa sarufi ya Kiswahili hulitaja darasani, limetoka Kihaya, kwa maana ya aina au namna. ‘Ikulu’ limetoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Lugha za bara zimeingia katika Kiswahili kwa sababu watu wa bara waliingia. Tukiwafungia nje watunzi na wasomaji wa kizazi kile kwa neno moja lililotafsiriwa vibaya, tutakuwa tumeng’oa daraja ambalo maneno hayo yalivukia.

Hasara nyingine ni ya vitu vyenyewe. Karatasi za gazeti za miaka ya 1940 na 1950 huchakaa upesi. Mhuri wa ‘kikoloni’ ukibandikwa juu ya sanduku, mtunza majalada huliweka mwisho wa rafu, mwalimu huliruka, na mjukuu huona haya. Baada ya miaka michache hakuna wa kulifungua. Istilahi mbaya yaweza kuchoma maktaba bila moto.

Mapendekezo

Kwa sababu hizo napendekeza yafuatayo, nami nitashukuru kupata maoni ya wasomaji.

Kwanza, kwa maana ya wakati tu, itumike ‘mshairi wa wakati wa ukoloni’, wingi ‘washairi wa wakati wa ukoloni’. Wanaoona kwamba ni refu wakumbuke kwamba urefu si kosa ikiwa ufupi ni uongo. Katika vichwa vya orodha miaka yaweza kutosha: ‘Washairi wa 1923–1961’.

Pili, kwa mtunzi aliyekuwa wa jamii ya wageni waliohamia na kumiliki ardhi, itumike ‘mshairi wa walowezi’.

Tatu, ‘-a kikoloni’ ibaki kwa vitu vyenye tabia au shabaha ya ukoloni: serikali, sheria, elimu, na shairi moja moja lililosomwa na kuonekana kuwa na shabaha hiyo. Mhakiki anayetaka kumpa mtu sifa hiyo ana haki yake, ila atoe ushahidi.

Nne, tofauti hiyo hiyo ifuatwe katika maneno mengine ya jamii hii. ‘Historia ya ukoloni’ ni habari za ukoloni. ‘Historia ya kikoloni’ ni historia iliyoandikwa kwa macho ya mkoloni. ‘Majengo ya wakati wa ukoloni’ ni majengo ya kale tu, ambayo leo yaweza kuwa zahanati au mahakama zetu.

Tano, walimu walio karibu na wazee wenye madaftari na magazeti ya zamani wawaombe ruhusa ya kunakili yaliyomo, kwa heshima na bila kuyaondoa nyumbani mwao. Huenda humo mkawa na maneno tunayotafuta vikaoni kwa taabu.

Mimi nimekwisha kuandika barua ya kuomba orodha ile irekebishwe, na nakala yake nimeipeleka Kiruruma pamoja na salamu. Sijui kama mzee ameufungua ufunguo wa sanduku. Lakini swali lake sasa nina jibu lake. La, Mzee, aliyezaliwa mwaka wa njaa hakuileta njaa. Na ikiwa katika mwaka huo alipanda, yatupasa tuitunze mbegu.